Chumvi Aliyokula Bibi

Juzi nilikuwa jikoni kwangu, hapa Area D, na nilikuwa na sufuria mbili motoni. Kubwa ilikuwa ya mboga yetu sisi tunaojiita wazima. Ndogo ilikuwa ya Mama, ambaye daktari amemkataza chumvi tangu mwezi uliopita, na ambaye tangu siku hiyo anakigusa chakula kwa ncha ya kijiko, anashukuru kwa heshima zote, halafu anakisukuma pembeni. Nilikuwa nimeshachota chumvi kwa vidole, nataka kuitia kwenye ile sufuria kubwa, ndipo karanga nilizokuwa nazikaanga pembeni zikaanza kunukia. Karanga mpya, za mavuno ya mwaka huu, zimetoka shambani wiki hiyo hiyo. Mkono wangu ukasimama hewani. Nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu, na Mama akauliza kutoka sebuleni kuna nini, nikamjibu hakuna kitu. Kumbe kulikuwa na kitu, tena kikubwa, na yeye mwenyewe alikuwamo.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku kwetu mnakijua kipindi ninachokisema. Mvua zimekwisha zamani, mtama umeshakatwa, upepo wa kipupwe unavuma mchana kutwa na kupasua midomo, na watoto wanakwenda shule wamevaa masweta huku jua linawaka. Ndicho kipindi ambacho kila nyumba ya mjini yenye ndugu shambani inaanza kupokea magunia. Mimi nilikuwa na miaka minane, tukikaa Miyuji, na kwangu hapakuwa na sikukuu iliyofikia siku ya magunia. Hata Krismasi haikufikia. Krismasi unapewa gauni, na gauni halitafunwi.

Mwaka huo magunia yalikuja na Bibi mzaa mama. Mjomba Yohana, kaka yake Mama, alisimamisha pikapu yake mbele ya nyumba ikiwa imejaa alizeti za kupeleka kwenye mashine ya kukamua mafuta. Juu ya alizeti kulikuwa na gunia la karanga, nusu gunia la mtama na maboga manne makubwa, na mbele, pembeni ya Mjomba, alikuwa Bibi na kanga mbili mabegani. Niliruka ruka barabarani mpaka kandambili moja ikanitoka. Bibi alikuwa mtu wangu. Aliniita mke mwenza, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na kila likizo tulikuwa tunamgombania mume ambaye alifariki kabla sijazaliwa. Yeye alidai babu alimpenda yeye kwa mapishi, mimi nikadai angenipenda mimi kwa kuwa nina meno yote.

Siku hiyo hakunitania. Nilimwamkia shikamoo mke mwenza, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayehesabu pumzi, akaingia ndani moja kwa moja akajilaza kwenye mkeka, uso ukutani. Baadaye niliwasikia wakisimuliana kwamba alianguka shambani katikati ya kung'oa karanga, kwamba walimpeleka zahanati wakamkuta presha imepanda mno, na kwamba nesi amesema dawa anywe kila siku na chumvi asiionje kabisa.

Mama akalichukua neno la nesi kama amri ya jeshini. Alitoka akanunua kisufuria kipya, kidogo, kinachong'aa, akatangaza kuwa hicho ni cha Bibi na mtu mwingine asikiguse. Kuanzia hapo kila mlo ulikuwa na sufuria mbili. Sisi tuliobaki, yaani Mama, mimi na mdogo wangu wa kunyonya, maana Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu na tulimwona kama mwezi mwandamo, tulikula kwenye mkeka wa ukumbini. Bibi alipelekewa chake chumbani, kimefunikwa vizuri. Kikirudi kilikuwa kimefunikwa vile vile. Mama alimbembeleza, alimlilia, siku moja akajaribu hata kumfokea kidogo, na Bibi akamjibu bila kugeuka, "Hata ng'ombe wa baba yangu walilambishwa chumvi." Kisha akajifunika kanga kichwani.

Wiki ikapita hivyo. Mjomba Yohana alirudi Jumamosi na mzigo mwingine wa alizeti, akakaa na Mama uani kwenye vigoda, na mimi nikawa nyuma ya pipa la maji ninamenya karanga. Siwezi kusema nilijificha. Nilikuwa nimekaa tu mahali ambapo hawakuniona.

Mama alisema Bibi hali, na asipokula dawa zitamwangusha. Mjomba akachora chini kwa kijiti. Halafu akasema maneno ambayo niliyasikia vizuri, kila neno, na sikuelewa hata moja.

"Mama ameshakula chumvi nyingi, hatuwezi kumlazimisha. Yeye mwenyewe anasema anataka kurudi. Jumamosi ijayo nikija, kama bado hali, nampakia, akapumzike kwake."

Mama akasema kule hakuna wa kumpima presha. Mjomba akasema anajua. Mama akaanza kulia kwa chini chini.

Sasa mnisikilize jinsi kichwa cha mtoto wa miaka minane kilivyofanya kazi. Nesi amesema chumvi ni mbaya. Mjomba, mtu mzima, mwenye pikapu, amethibitisha kwamba Bibi ameila nyingi. Na "kupumzika" nililijua vizuri sana, kwa sababu kila Jumapili kanisani katibu alisimama na karatasi akasema mzee wetu fulani amepumzika, na watu wakainamisha vichwa, na kesho yake tukaenda msibani. Kwa hiyo nilielewa yote. Bibi alikula chumvi nyingi, pengine kwa siri, pengine kwa mikono, chumvi imemjaa mwilini, na Jumamosi ijayo Mjomba anakuja kumchukua akafe. Hata Mama analia. Hakuna aliyekuwa na mpango wowote isipokuwa kupanga usafiri.

Niliogopa sana. Lakini nitawaambia ukweli, hofu ile haikukaa peke yake, ilikuja na msisimko ambao sijawahi kuupata tena katika kazi yoyote niliyofanya. Nilikuwa na siku saba na mtu wa kuokoa.

Kazi ya kwanza ilikuwa rahisi. Nilichukua kopo la chumvi jikoni nikalificha chini ya kitanda changu, nyuma ya viatu.

Kazi ya pili ilihitaji mtaalamu, na mtaalamu alikuwa jirani yetu Bi Hawa. Bi Hawa alikuwa Mrangi wa Kondoa, mwanamke mzee, mnene, mcheshi, ambaye alikuwa akitupikia visheti kila Idi, na ambaye kwa mambo ya jikoni mtaa mzima ulimwogopa. Nilimkuta anachekecha ufuta. Nilimwamkia, nikazunguka zunguka, halafu nikamuuliza chumvi ikizidi inatolewaje.

"Imezidi kwenye nini?"

Nikasema kwenye kitu.

Bi Hawa hakuwa mtu wa kumhoji mtoto sana. Alisema chumvi ikizidi unatia sukari kidogo, sukari inaivunja nguvu. Ikishindikana, unatumbukiza kiazi kibichi kiinyonye, halafu unakitoa. Kiazi nilikiondoa kichwani mapema, kwa sababu sikuona pa kukitumbukiza wala namna ya kukitoa. Lakini sukari! Sukari ilikuwa dawa iliyokuwa nyumbani kwetu siku zote, kwenye ndoo yenye mfuniko wa bluu, na hakuna aliyekuwa na habari. Nilikimbia njia nzima.

Nilianza na chai. Nilimpelekea Bibi kikombe chenye vijiko saba, nikakaa mbele yake kumtazama anavyopona. Alikunywa funda moja, macho yakamtoka, akaniuliza kama nimemgeuza mzinga wa nyuki. Hata hivyo aligeuka kutoka ukutani ili aniulize, na mimi nikaliandika hilo kichwani kama ushindi.

Siku iliyofuata nikaenda kwenye kashata. Bi Hawa alinisimamia jikoni kwake. Aliyeyusha sukari bila maji mpaka ikawa rangi ya udongo wa Miyuji, nikamwaga karanga zilizokaangwa, akaimimina yote juu ya sinia lililopakwa mafuta na kunipa chupa ya soda niisukume iwe nyembamba kabla haijapoa. Jamani, ile harufu! Nilisukuma ile chupa nikiwa nimesimama juu ya kigoda, upepo unapiga bati la jiko, Bi Hawa anasema haraka haraka, kata, kata, itaganda, na mimi nikakata vipande vya pembe nne vilivyopinda kila kimoja kivyake. Nilimpelekea Bibi kipande cha moto bado. Akakitia mdomoni, akakigeuza shavu hili, akakigeuza shavu lile, akakitoa na kukitazama.

"Mke mwenza," alisema, "nina meno matatu. Unataka unimalizie na haya?"

Nililia. Nililia kwa hasira, kwa sababu ilikuwa Jumatatu jioni na dawa ilikuwa imegoma kuingia.

Bi Hawa, nilipomweleza kwamba kashata ni ngumu kwa Bibi, alicheka akasema kwa nini sikumwambia ni ya mzee. Vya wazee hutwangwa. Unazikaanga karanga, unazipeta maganda yaondoke, unazitwanga mpaka zitoe mafuta, unatia ufuta uliokaangwa na sukari kidogo, unafinyanga vibonge vidogo, vinayeyuka mdomoni vyenyewe. Alinipa kikombe cha ufuta, akaniambia kinu kipo kwetu na mikono ninayo.

Jumanne nilirudi kutoka shule mbio. Mama alinikaangia karanga, nikazipeta uani kwa ungo, na kwa upepo ule wa kipupwe hata asiyejua kupeta anajua, maganda yalipaa yakavuka uzio yenyewe. Nikamwaga karanga kwenye kinu. Mchi ulikuwa mrefu kuliko mimi. Niliunyanyua kwa mikono miwili nikaupiga, ukaenda pembeni ya kinu, ko! Nikaupiga tena, karanga tatu zikaruka zikaliwa na kuku. Nikapiga, nikapumzika, nikapiga mara mbili, nikatafuta kandambili, nikapiga. Hapo ndipo sauti ikatoka dirishani, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu pikapu ilipofika, sauti ya Bibi wa likizo.

"Huyo anayetwanga huko, anatwanga au anabisha hodi?"

Nikapiga tena, ko, pembeni. Nikasikia mtu anaguna, mkeka unakwaruza sakafu, na Bibi akatokea mlangoni, kanga moja kichwani nyingine kiunoni, akifumba macho kwa ajili ya jua. Alishuka ngazi mbili za baraza akiwa ameshika ukuta. Akachungulia kwenye kinu kama daktari anayechungulia koo, akatikisa kichwa, akaushika mchi.

"Usiupige. Uangushe. Uzito ni wa kwake mwenyewe, kazi yako ni kuunyanyua tu."

Akauangusha mara moja, polepole, du, katikati kabisa. Mara ya pili. Hakuwa na nguvu ya mara ya tano, akanirudishia, akakaa kwenye kigoda na kuanza kunitolea amri. Geuza. Kusanya pembeni. Sasa nyanyua, sasa acha. Bi Hawa alisikia mlio umebadilika, akapitia kwenye pengo la uzio na kumsalimia Bibi kwa Kigogo chake kibovu, mbukwa, mbukwa, na Bibi akamjibu kwamba ufuta wa Kondoa ameusikia sifa tangu ujana, leo auone kama una la kujitetea. Nilikuwa katikati yao, jasho linanitoka na baridi ile, na nilihisi dunia nzima imekusanyika kwenye kinu chetu.

Tulipokwisha, mafuta yalikuwa yanang'aa kwenye mchi. Kabla ya kufinyanga Bi Hawa akasema bismillahi, Bibi akasema kwa jina la Yesu, na mimi nikatia sukari, kijiko kimoja cha halali na viwili vya siri. Kibonge cha kwanza nilikipaka ufuta nikakiweka kwenye kiganja cha Bibi. Alikitia mdomoni. Akanyoosha mkono akachukua cha pili.

Usiku sikupata usingizi mapema, nikiifikiria ile chumvi inavyovunjika vipande vipande ndani ya Bibi.

Basi kuanzia hapo ikawa karamu ya kila siku. Bibi alikuwa ananisubiri barazani nikitoka shule, ameshaamua. Siku hiyo bisi za mtama, unatia konzi moja kwenye sufuria kavu ya moto, unafunika, unasikiliza mvua ndogo inanyesha chini ya mfuniko, na ukifunua zimechanua nyeupe, ndogo kuliko za mahindi na tamu zaidi. Siku nyingine boga, linachemshwa na maganda yake, linapondwa, karanga zilizotwangwa zinakorogewa humo na ukwaju kidogo, na hapo hata mtu asiye na jino lolote anakuwa sawa na kijana. Wazee wawili watatu wa mtaa walianza kupita kwa bahati, bahati iliyotokea kila siku saa ile ile. Kila mmoja alipewa kazi, huyu kumenya, huyu kupeta, na mzee mmoja aliyekuwa haoni vizuri alipewa kusikiliza bisi na kutuambia zimekwisha. Bibi aliwaamrisha wote. Mimi nilikuwa mgawaji, nikimwanzia yeye, na nilihakikisha cha kwake kina sukari ya ziada.

Upande wa pili wa vita ulikuwa mgumu. Mama alidhani kopo la chumvi limepotea, akanunua pakiti. Nikaificha. Akanunua nyingine, nikaificha pia. Alimshuku msichana wa jirani, akawashuku panya, na Jumatano akakasirika, akasema hanunui tena, tutakula hivyo hivyo mpaka mwizi aone aibu. Na kwa kuwa mboga zote sasa hazikuwa na chumvi, hakuona sababu ya kupoteza mkaa kwenye sufuria mbili. Alipika mlenda wa wote pamoja, akautia karanga kwa wingi ili ulike, akakamulia ndimu, na kwa mara ya kwanza akamwita Bibi ukumbini. Bibi alikuja akakaa kwenye mkeka kati yangu na Mama. Alimega ugali wa mtama, akachovya, akala. Akamega tena. Mama aliacha kula akawa anamtazama tu, akijifanya anamhudumia mdogo wangu.

Mimi sikushangaa. Nilijua ni sukari.

Jumamosi pikapu ikapiga honi. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Mjomba aliingia uani akakuta wazee wamekaa, Bibi anachambua ufuta kwenye ungo, Bi Hawa anacheka na Mama anakorogea boga. Alisimama pale na kofia mkononi. Kabla hajafungua mdomo nilikimbia nikasimama mbele ya Bibi na kutanua mikono.

"Bibi haendi kupumzika," nilisema. "Chumvi yote imeshavunjika."

Walinitazama wote. Mjomba akauliza chumvi gani. Nikamwambia ile chumvi nyingi aliyoila Bibi, aliyosema yeye mwenyewe, na kwamba nimeivunja kwa sukari kama alivyosema Bi Hawa, kwa hiyo arudi zake, leo hakuna wa kufa. Nikaingia ndani, nikatoka na kopo la chumvi na pakiti mbili, nikaziweka chini mbele ya Mama kama ushahidi.

Halafu Bi Hawa akashika tumbo. Alicheka mpaka akateleza kwenye kigoda, na yule mzee asiyeona vizuri akawa anauliza nini, nini, mpaka alipoelezwa naye akaanza. Mjomba alijipangusa macho kwa kofia. Mama ndiye aliyenivuta kwake, akaniambia polepole, huku anacheka na kulia kwa pamoja, kwamba mtu akisemwa amekula chumvi nyingi maana yake ameishi miaka mingi na kuona mengi. Ni sifa. Na kupumzika kwake alikosema Mjomba ni kupumzika kwa kweli, kwa kulala kitandani kwake.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wiki nzima! Nilitaka kurudi nyuma ya pipa la maji nisitoke tena.

Bibi peke yake hakucheka. Alikuwa anazitazama zile chumvi tatu zilizopangwa chini. Alisema, "Kumbe ndiyo sababu," kama mtu anayeongea na ungo wake. Kisha akamwangalia Mama.

"Mwanangu, chumvi haikunishinda. Kilichonishinda ni kile kisufuria. Nimezaa watoto sita, nimewapikia chungu kimoja, wakaja wajukuu, chungu kimoja. Halafu naletewa changu chumbani, kimefunikwa, kama cha mtu anayesubiriwa aondoke. Huyu mtoto ameiba chumvi, nikaitwa mkekani. Nikala."

Mama aliinamisha kichwa. Hakujitetea, na ninakumbuka hilo kuliko yote, kwa sababu Mama alikuwa mwepesi wa kujitetea. Aliinuka akaenda jikoni, akarudi na kile kisufuria kinachong'aa, akakiweka mbele ya kuku na maji ndani.

Mjomba aliuliza, kwa adabu sana, kama basi Bibi anapakiwa au hapakiwi.

"Nikapumzike?" Bibi alisema. "Na karanga zote hizi? Wewe nenda. Ila Jumamosi ijayo niletee mchi wangu. Huu wa mjini ni mwepesi, hauna adabu."

Nilipiga vigelegele peke yangu, kwa sauti nyembamba, wakaniunga mkono. Jumamosi iliyofuata mchi ulikuja, mweusi, umelainika katikati kwa mikono ya watu ambao sikuwajua, na Mjomba akaushusha kwenye pikapu kwa mikono miwili. Mama alijifunza kupika kwa ndimu, ukwaju, vitunguu na karanga, sisi wote tukajifunza kula hivyo, na presha ya Bibi ikapimwa kila mwezi ikawa inatulia. Alikula chumvi miaka kumi na mmoja mingine, bila kuonja hata chembe.

Basi juzi, pale jikoni, mkono wangu hewani, nilitazama zile sufuria zangu mbili. Ndogo niliinunua mwenyewe, mwezi uliopita, inang'aa. Mtu anaweza kusimulia hadithi moja maisha yake yote na bado asiisikie. Nilirudisha chumvi kwenye bakuli lake. Nikaimimina sufuria ndogo kwenye kubwa, nikakoroga, nikakamulia ndimu. Halafu nikaenda stoo nikautoa ule mchi mweusi wa Bibi na kinu chake, nikavipangusa vumbi, nikamwaga karanga za moto, na nikaanza, ko, pembeni, na karanga mbili zikaruka sakafuni.

Sebuleni televisheni ilipunguzwa sauti.

"Huyo anayetwanga huko," Mama akasema, "anatwanga au anabisha hodi?"

Mimi kutwanga ninajua, nilifundishwa na fundi. Nikaendelea kutwanga vibaya, makusudi, mpaka niliposikia kiti chake kinasogea.